Ripoti ya Simba Inayomfaa Hata Chui

"Simba ni mnyama wa porini. Ana miguu minne. Anakula nyama. Anazaa na kunyonyesha. Adui yake ni binadamu." Toa neno simba, weka chui. Weka duma. Hakuna sentensi itakayolalamika. Watoto wengi huandika ripoti za namna hii na kupata alama nzuri, maana hazina kosa. Swali ni kama mtoto huyo amefanya utafiti au amejaza fomu.

Wanaotetea fomu wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Mpe mtoto wa miaka minane karatasi tupu umwambie aandike kuhusu mnyama ampendaye, atabaki akitafuna kalamu. Mpe vichwa vinne, yaani umbo, makazi, chakula na uzazi, naye atajua pa kuanzia na pa kuishia. Akifungua kitabu hasomi kila mstari. Anawinda chakula cha kobe, akikipata anakiweka mahali pake. Hilo si jambo dogo. Kutafuta, kuchagua na kupanga ndiyo mifupa ya utafiti wowote, hata wa mtu mzima. Na mwalimu mwenye watoto hamsini darasani atayaongozaje maswali hamsini tofauti ndani ya kipindi kimoja?

Ila fomu ina tundu. Inamzoesha mtoto kuamini kwamba majibu yako tayari, mtu kashayaandika, kazi iliyobaki ni kuyahamisha. Pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Huenda mioyo hiyo ndiyo iliyomfanya mtoto amchague pweza, lakini kwenye vichwa vile vinne haina chumba, labda ibanwe kwenye kona ya "umbo".

Kazi ikishakuwa kuhamisha, kunakili hakuko mbali. Wengi hulaumu uvivu, au intaneti, na siku hizi akili mnemba. Nadhani wanamwonea mtoto, japo si kabisa. Mara nyingi hunakili kwa sababu maandishi aliyopewa yako juu ya kimo chake. Mtoto anayeandika kwamba kifaru ana "kwato zenye idadi witiri ya vidole" hajaiba kwa ujanja. Amebeba mzigo asioujua. Dawa ninayoiamini ni ya zamani: asome, afunge kitabu, amsimulie mwenzake, kisha aandike alichosimulia. Watoto wengi husimulia vizuri kuliko wanavyoandika. Atakaposema "kifaru ana vidole vitatu kila mguu", sentensi hiyo itakuwa yake.

Upande wa pili husema tuanze na swali, si vichwa. Chukua fisi. Ngano zetu zimemchora mlafi anayeishi kwa makombo ya wenzake, na vitabu vingi vya zamani vilimchora hivyohivyo. Katika miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia fisi madoa usiku huko Serengeti na Ngorongoro, akakuta kwamba wanawinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kule Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuja kuwapora. Mtoto aliyeuliza "Je, fisi hula mizoga tu?" atakuta vyanzo viwili vinavyogombana, naye itambidi aulize kipi kiliandikwa lini, na nani alikwenda kuona. Ndivyo ilivyo pia kwa tembo wa Afrika. Mwaka 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, lilianza kuwaorodhesha kama spishi mbili, wa savana na wa msituni, kwa hiyo kitabu kinachotaja spishi moja huenda kilichapishwa kabla ya hapo. Fomu ingemruhusu achague jibu moja na kusonga mbele.

Hata hivyo swali huru nalo lina mitego yake. "Kinyonga hubadilishaje rangi?" ni swali zuri, lakini sehemu ya jibu imo katika vijifuwele vidogo mno ndani ya chembe za ngozi, na mtoto atarudi na aya aliyoinakili kama yule wa kifaru. Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa maswali hulisahau: swali huota kwenye ujuzi. Asiyejua kwamba popo ni mamalia hatauliza ananyonyeshaje akiwa amening'inia kichwa chini. Kwa hiyo naona fomu itangulie, ila isiwe ndiyo ripoti. Vichwa vinne vijazwe haraka, kwa maneno machache machache, kisha mtoto aulizwe ni kipi kati ya hivyo kimemshangaza. Hapo ndipo ripoti ianze.

Kutazama kwa macho nako kuna nafasi yake. Mwaka 1960, kule Gombe, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe ambaye wakati huo hakuwa na shahada yoyote, alimwona sokwe akitumbukiza jani la nyasi kwenye kichuguu kuvulia mchwa. Mtoto naye anaweza kukaa nusu saa na msafara wa sisimizi. Hatari ni kwamba atamwona paka mmoja akikataa maziwa, aandike "paka hawapendi maziwa". Kosa hilo mimi nalipenda, maana hurekebishwa kwa neno moja, "paka *huyu*", na neno hilo hubeba somo zima.

Kilichobaki ni alama, na hapo ndipo mipango mingi mizuri hufia. Mtoto husoma karatasi ya kusahihishia kuliko anavyosikiliza maelezo: unadhifu, picha, vichwa vyote vipo. Mwenye kuandika "Nilidhani fisi anakula mizoga tu, kumbe anawinda, ila sijajua kama simba humpora kila mahali", tena akiwa na makosa mawili ya tahajia, kwa karatasi nyingi za namna hiyo atapata chini ya yule wa simba mwenye miguu minne.