XP ya barabara ya nane bado inawaka, tuizime au tuiache?

Ami yangu ana stesheni ndogo, duka la kuchapa na kutoa kopi, pale Ngamiani, Tanga, barabara ya nane, mlango mmoja tu, mashine ya fotokopi iko mbele na nyuma yake kompyuta mbili. Moja ni ya karibuni kidogo, ilikuwa na Windows 10. Nyingine ni deskitopu ambayo zamani ilikuwa nyeupe saivi imekuwa rangi ya samli, kioo chake kile cha kichogo kikubwa, na ndani yake mpaka leo hii kuna Windows XP, ule mfumo wa zamani wa Microsoft wa kuendeshea kompyuta. Kwenye kibodi yake herufi A haipo, imefutika yote, maana ukichapa Kiswahili miaka yote hiyo A ndo inapigwa kuliko herufi zote. Kale kabetri kadogo ka kwenye ubao kalishakufa siku nyingi, kwaiyo kila umeme ukikatika tarehe inarudi 1 Januari 2002, na ami anairekebisha kwa mkono kabla hajafungua kitu kingine chochote.

Sasa tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft walivyoacha kuihudumia Windows 10, pale barazani jioni mjadala hauishi. Kuna vijana wawili mafundi wanamwambia ami utupe zote hizi, hiyo Windows 10 muda wake umeisha na hiyo XP ndo kabisa, ilikufa tangu Aprili 8, 2014. Ami anawajibu imekufaje na mimi juzi nimetoa kadi mia mbili za harusi? Mimi kazi yangu ni hizi hizi kompyuta, na kompyuta yangu ya kwanza kuigusa maishani ni hiyo ya ami, kwaiyo wakinigeukia kuniuliza huwa najikuta nina maneno ya pande zote mbili, na nimeona bora niyaandike.

Nianze na upande wa ami kwasababu naona vijana hawautendei haki. Wanadhani mtu anayeipenda XP anapenda ujana wake tu. Sawa, ujana upo. XP ilitoka Oktoba 25, 2001 lakini sisi wengi huku tulikutana nayo miaka ya mbele kidogo, kompyuta zikija zimeshatumika huko Ulaya, na ile picha yake ya kilima kijani na mawingu meupe sisi watoto tulikuwa tunabishana kama ni Lushoto au ni Amani, hakuna aliyewaza kwingine. Baadae sana ndo nikajua ilipigwa mwaka 1996 na mpiga picha anaitwa Charles O'Rear huko Sonoma, California. Hata leo nikiiona bado macho yangu yanaiona Lushoto. Karata, ule mchezo wa mpira wa chuma, kuchoma CD za taarabu kwa oda, sauti yake ikiwaka asubuhi ami akiwa anafagia mlangoni, hivyo vyote ni kweli tunavikumbuka na sioni aibu.

Lakini ukimsikiliza ami vizuri hasemi habari za kumbukumbu. Aliniambia hivi, "Hii hainidai kitu mwanangu. Nikiiwasha inafanya kazi, nikiizima inalala." Hapo ndo penye hoja. XP ilikuwa inataka ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya megabaiti 64 tu kuanzia, ukiwa nazo 128 wewe umeridhika. Windows 11 inataka gigabaiti 4, ambayo ni mara 64 ya ile, na barua ya mwombaji kazi ni ile ile ukurasa mmoja. Windows 10 ilipokuja mwaka 2015 ikaja na tabia ya kujipakulia apdeti yenyewe, na wewe unatumia bando la simu, umeweka gigi zako mbili asubuhi utumie na wateja, mchana hakuna kitu, na kompyuta inakwambia subiri usizime, na mteja amesimama na nauli ya kurudi Pongwe mkononi. Halafu uingie kwa akaunti, halafu ukibonyeza Start kuna habari na vitu vya kununua hukuviomba. Mtu aliyezoea kompyuta inayokaa kimya ikisubiri amri yake, akiikasirikia hii mpya, huwezi kumwambia ni mshamba. Kakosa kitu kweli. Na sio kila kipya kilikuwa bora, mwaka 2012 walipoiondoa Start kwenye Windows 8 watu wazima wenye akili zao walikaa mbele ya kompyuta hawajui waanzie wapi, na wenyewe wakaja kuirudisha.

Na fedha. Hili linaniuma zaidi. Huku kwetu kompyuta nyingi za maofisini na mastesheni ni zile zilizotumika, deskitopu nzuri tu za miaka ya 2013, 2014, zinachapa, zinaskani, zinaingia intaneti bila shida, ila Windows 11 inataka kichipu cha usalama kinaitwa TPM 2.0 na prosesa za kuanzia kizazi cha nane kwa Intel, basi mashine nzima inayofanya kazi imeambiwa haifai. Windows 10 wameipa nyongeza ya huduma ya mwaka mmoja mpaka Oktoba 2026, unalipa dola 30 au unaunganisha na akaunti yao, sawa, lakini mwaka ni nini kwa mtu ambaye kompyuta anainunua mara moja kwa miaka kumi? Kwaiyo fundi ukisema "nunua mpya" taja na hela itatoka wapi.

Haya, upande wa vijana.

Kwanza tunasahau. Tunaisifia XP kama vile ilikuwa haiumwi. Agosti 2003 kulikuwa na kidudu kinaitwa Blaster, kilikuwa kinaingia chenyewe kupitia mtandao bila wewe kubonyeza kitu, kinakuletea kisanduku kinahesabu sekunde 60 kisha kompyuta inajizima na kuwaka upya. Mpaka mwaka uliofuata Microsoft ndo wakaja na Sevisi Paki 2, kifurushi cha marekebisho ya XP, yenye ukuta wa moto (kinga ya kuzuia vinavyojipenyeza kupitia mtandao) uliowashwa tangu mwanzo, maana kabla ya hapo upo lakini umezimwa. Na zile virusi za flashi, jamani, nani aliyefanya kazi stesheni asiyezijua? XP ilikuwa ukichomeka flashi inafungua yenyewe kilichomo, hata kama kilichomo ni uchafu. Dawa ya hilo jambo waliisambaza kwenye apdeti ya Februari 2011, ila kompyuta kama ya ami ambayo haijawahi kuapdetiwa hata siku moja haikuipata.

Nina kisa changu hapo na sijawahi kukisahau. Mwaka 2016 alikuja kaka mmoja kutoka Muheza na flashi, ndani kuna makaratasi ya mirathi aliyokuwa ameskani na picha za marehemu baba yake. Tukaichomeka kwenye ile XP kumtolea kopi, akapata kopi zake, akaondoka. Kumbe virusi vimepanda. Alivyofika kwao kuichomeka kwenye laptopu ya mtu akaona vile vialama vya shotikati tu, faili hakuna, akajua zimeharibika, akaambiwa aformati, akaformati. Angerudi kwetu bila kugusa kitu ningemrudishia ndani ya dakika mbili, kwasababu zile virusi hazifuti faili, zinaficha tu, unaandika amri moja ya attrib kwenye ile skrini nyeusi na kila kitu kinatokea. Aliporudi alikuwa ameshaformati na ameshaweka vitu vingine juu yake. Makaratasi tulikuwa nayo kwenye kopi. Picha hakuna. Alikaa pale kwenye benchi kimya muda mrefu, hakutugombeza hata.

Sasa hapo ndo nataka mafundi na ami wote wanisikilize, kwasababu naona wanabishana jambo ambalo silo. Wao wanabishana umri. Mimi nasema umri peke yake haukwambii kitu. Mei 12, 2017 ile WannaCry iliyofunga faili za watu na kudai hela iliingia nchi kama 150, kompyuta zaidi ya laki mbili, hospitali za umma Uingereza zikaahirisha mpaka upasuaji, na watu mpaka leo wanasema ni XP. Sio. Nyingi zilizoshikwa zilikuwa Windows 7, ambayo mwaka ule ilikuwa bado inahudumiwa vizuri, na kiraka, yaani apdeti ya kuziba ule upenyo ilikopitia, kilishatoka Machi, miezi miwili kabla. Watu hawakukiweka. Kwaiyo unaweza kuwa na kipya na ukaumia, na unaweza kuwa na cha zamani kimekaa pembeni hakijaunganishwa na chochote kikafanya kazi miaka ishirini bila kumdhuru mtu.

Swali ninaloliona mimi ni siri za nani ziko humo ndani. Kompyuta ya nyumbani kwako ina karata na nyimbo zako, kaa na XP mpaka uchoke, ikifa umeumia mwenyewe. Lakini stesheni sio nyumbani. Pale kwa ami kwa siku moja unapita msururu wa vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, fomu za mikopo ya wanafunzi, barua za talaka, majibu ya hospitali, mtu anakwambia niingilie kwenye imeili yangu paswedi hii hapa imeandikwa kwenye karatasi. Vyote vinaskaniwa na vinabaki kwenye folda. Yule mtoto anayeomba mkopo hajui ndani ya kompyuta kuna nini, hakuulizwa kama anakubali kujaribiwa bahati yake na mfumo usiopata kiraka. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Wengi tunaisikia kama ya mabenki na makampuni ya simu, kumbe mwenye stesheni ndo anashika makaratasi ya watu zaidi ya wote.

Afu hata ukitaka kuitumia XP mtandaoni inakulazimisha ujihatarishe. Chrome waliachana nayo 2016, Firefox 2018, kwaiyo tovuti nyingi zinakataa kufunguka au zinaleta onyo, na mtu mwenye foleni ya wateja anachofanya ni kubonyeza endelea, endelea, mpaka ifunguke. Mimi mwenyewe nimeona onyo limetokea kwasababu tarehe ilikuwa 2002, aliyekaa hapo hakujua, akazoea kulipuuza, na siku likitokea onyo la kweli atalipuuza vile vile. Hapa mafundi wana haki asilimia zote na ami nimemwambia.

Ila mafundi nao nimewaambia njia sio mpya au hakuna. Ile kompyuta ya pili ya ami, ya Windows 10, Windows 11 haiikubali, tukaipiga Linux Mint, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, ambayo ramu ya gigabaiti 4 inaitosha na haina masharti ya kichipu, na haina kraki ya kutafuta ya kuifungua bila kulipa. Siwezi kudanganya kwamba ilikuwa raha. Wiki ya kwanza faili za Word za wateja zilikuwa zinafunguka mistari imehama, CV ya ukurasa mmoja inakuwa ukurasa na robo, ami akawa ananiangalia tu. Kubwa zaidi ilikuwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi, maana kadi zote za harusi na programu za mazishi za miaka yote ziko huko, na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure tunayoitumia kwenye Mint, inazifungua ndio lakini maua yanahama na majina ya bibi na bwana harusi yanapandana. Ingekuwa mimi ndo mwenye duka labda ningerudi nyuma siku ya tatu. Kilichotusaidia ni kugawana kazi: mambo ya watu, fomu, imeili, skani, vyote kwenye Mint na folda ya skani inafutwa kila Ijumaa kabla ya swala. Kadi zinabaki XP. Hata Publisher yenyewe Microsoft wametangaza wataacha kuihudumia Oktoba 2026, kwaiyo mwenye kadi zake huko aanze kuzihamisha sasa hivi taratibu, moja moja, kila ukipata mteja wa kadi mpya itengeneze upande mpya.

Kwa habari ya lugha pia napenda niseme kitu, maana hii nostaljia yetu inaizungumzia Windows tu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo. Programu nzima ya kazi za ofisi kwa lugha yetu, bure. Naikumbuka kidogo sana kwasababu sikuiona kwa mtu yeyote hapa mtaani, wote tulikuwa na CD ya kopi ya Windows. Nikiwaza vitu vya zamani vya kusikitikia hicho nakiweka juu kuliko kile kilima kijani.

Ile XP basi tumeiacha. Nilichomoa waya wa mtandao, nikatoa na kile kidude cha waifai nikakiweka kabatini, na flashi ya mteja haiingii pale tena, iko flashi moja tu ya ami mwenyewe imefungwa uzi mwekundu. Siku ile nilifungua na kasha, chumvi ya bahari imekula skrubu mpaka mbili zimekatika, nikatoa ramu nikaisugua meno yake na kifutio cha penseli kama ami alivyonifundisha nikiwa darasa la sita, nikairudisha, ikalia ile mlio mmoja wa uzima. Ikawaka 1 Januari 2002. Ami akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kuandika tarehe.