Dakika mbili za kusema, dakika mbili za kusemwa

Nairobi huwezi kukwepa kusimamishwa. Umeenda ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu ukijua kazi yako ni kula, mara MC anatangaza, "Sasa tusikie machache kutoka upande wa mama." Upande wa mama ni wewe. Ndiyo maana jioni, kazi zikiisha, utawakuta watu kwenye kumbi za hoteli za katikati ya jiji wakijifunza kusema papo kwa papo, kwa mtindo uliotokana na Toastmasters, chama ambacho Ralph Smedley alikianzisha Santa Ana, California, mwaka 1924. Unapewa mada pale pale. Taa ya kijani inawaka dakika ya 1, ya manjano dakika 1 na nusu, nyekundu dakika ya 2. Ukikaa, mwingine anasimama kukueleza ulivyofanya.

Huyo wa pili ndiye anayenisumbua.

Wapo wanaoshikilia kwamba mtu aliyesimama bila kujiandaa apigiwe makofi tu, arudi wiki ijayo. Hoja yao si ya kubezwa. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walijumlisha tafiti nyingi kuhusu watu kuambiwa walivyofanya kazi, wakakuta kwamba zaidi ya mara moja katika kila tatu maoni hayo yaliwashusha badala ya kuwapandisha. Kwa maelezo yao, hatari huzidi pale mtu anapoanza kujitazama mwenyewe akaiacha kazi. Nilijitambua humo. Katika kundi moja nililokuwa nikihudhuria, mhesabu wa vigugumizi alinitangazia mbele ya wote kwamba nimesema "yaani" mara 14. Wiki iliyofuata nilisimama nikiwa askari wa "yaani". Haikunitoka hata moja. Wala halikunitoka jambo jingine la maana. Mada ilikuwa matatu, na mkazi wa Nairobi akikosa la kusema kuhusu matatu, ujue kuna mtu amemharibu.

Lakini upole nao una dhambi yake. "Umejitahidi sana, endelea hivyo hivyo." Niendelee kwenda wapi? Kuna kijana alipigiwa makofi hayo miezi mitatu, na kila wiki hotuba yake iliishia pale pale: "Basi… ni hayo tu." Hakuna aliyemwambia kwamba maneno hayo yalikuwa yakifuta yote yaliyotangulia.

Wapenda ukali watakuambia uende bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji, kwenye Bunge la Mwananchi, ambako raia wa kawaida hukutana kubishana hadharani. Pale ukizungusha maneno unakatizwa, na hoja ikiwa tupu watu wanakugeuzia mgongo. Kuna heshima fulani katika ukali ule: wanabishana na ulichosema, hawana haja na ulivyoshika mikono. Hilo kumbi za hoteli zingeliiga. Tatizo ni kwamba mwoga akizomewa harudi, na huyo ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wote.

Mimi naegemea ukweli, ila uwe mdogo. Hotuba ya papo kwa papo haisahihishwi kama insha. Msemaji hakuchagua mada wala hakupata muda wa kutafuta msamiati. Ukimlaumu kwa neno lililomkimbia, unamlaumu kwa bahati mbaya. Yaliyokuwa mkononi mwake ni mawili, kushika wazo moja na kujua pa kushukia. Basi mrudishie ulivyosikia: "Uliposema kondakta ndiye mwalimu wa kwanza wa hesabu wa mtoto wa Eastlands, nilikaa wima. Ulipohamia nauli ya Mombasa, ukanipoteza." Ni bora kuliko ile foleni ya sifa, lawama, sifa, ambayo sote tumeizoea hata sifa ya kwanza ikitajwa mtu anajikunja kusubiri rungu. Na kama kweli hukumwona akitetemeka, mwambie. Utafiti wa Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wasemaji hudhani woga wao unaonekana kuliko unavyoonekana, na waliodokezewa hivyo mapema walizungumza vizuri zaidi.

Lugha ndiyo inayonitatiza. Mnairobi akisema Kiswahili papo kwa papo, wazo linamjia kwa Kiingereza, mshangao kwa Sheng, na ngeli zinatawanyika kama wachuuzi walioona kanjo, askari wa jiji. Mtathmini anarukia hapo: si "ile kitu", ni "kile kitu". Ni kweli kabisa. Ukumbi unacheka, na msemaji anaamua kuwa wiki ijayo atatumia Kiingereza. Watakaonipinga watasema tukinyamaza lugha itaoza, na hawakosei. Ndiyo maana mimi huandika kikaratasi, nikampa mtu mlangoni tukiagana. Labda ni woga wangu.

Halafu kuna wazee. Huambiwa kwamba ukumbini hakuna mzee wala kijana, lakini mkitoka nje mzee anabaki mzee. Jioni moja, mzee mmoja alizungumza dakika nne kuhusu safari ya treni, taa nyekundu ikimwakia usoni. Aliyepangiwa kumtathmini alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Alisimama, akasema, "Shikamoo mzee. Kama ungebakiwa na sekunde 20 tu, ungetuachia lipi?"

Mzee akafikiri. "Kwamba mama yangu aliuza mbuzi ili mimi nipande lile gari," akasema, akaketi.