Koko (bibi yetu) akivunjika mkono kwa kuteleza tu, musiseme ni uzee

Hapa Bukavu mvua ikinyesha njia za Kadutu zinakuwa matope na miteremko tupu, na kila msimu utasikia koko wa fulani ameteleza, akatanguliza mkono, mfupa ukavunjika hapo juu ya kiganja. Wanamufunga mkono, majirani wanakuja kumupa pole, wanasema ni uzee, basi imeisha. Mimi nakataa kabisa. Mtu aliyeanguka kutoka urefu wake mwenyewe, yaani alikuwa amesimama tu, mfupa haupashwi kuvunjika, na ukivunjika ni kusema huenda ulikuwa umeshapungua nguvu kitambo, ni ostioporozi hiyo, na kesho inaweza kuwa mgongo ama nyonga. Nyonga si mchezo jamani, hata kwenye nchi za hospitali kubwa karibu mzee mmoja kwa watano hamalizi mwaka.

Mama akishaacha kwenda mwezini, homoni ya estrojeni iliyokuwa inalinda mifupa inashuka, na hausikii maumivu yoyote mpaka siku ya kuvunjika. Aliyeacha kabla ya miaka 45, aliyetolewa ovari, mwembamba sana, mvuta sigara, ama yule mzazi wake alivunjika nyonga, hao waangaliwe zaidi.

Lakini kinachonikasirisha ni dexa, yaani dexamethasone, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu!! Koko analia magoti, mjukuu anakimbia farmasi ya kona, anarudi na vikomprime (vidonge) ndani ya kikaratasi, hakuna boksi, hakuna jina, koko anameza na kesho yake anasimama kupika, mashavu yanajaa, wote wanasema amependeza, kumbe dexa na ndugu yake prednisolone zikimezwa miezi mitatu na zaidi zinakula mfupa. Kama ameshazoea musimukatishe ghafla, hiyo nayo ni hatari, dokta ndiye atamupunguzia polepole.

Na dawa ya kweli ya mifupa ipo. Alendronate ni komprime moja ya mg 70 kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na glasi nzima ya maji (maji, si chai), kisha koko asirudi kulala, akae wima nusu saa maana inaunguza njia ya chakula. Kuna zoledronic acid ya kutundika kwenye mshipa mara moja kwa mwaka, ila figo zipimwe mbele. Na musingoje mashine ya kupima mifupa: nyonga ama mgongo ukivunjika kwa kuanguka kidogo, hiyo peke yake inatosha dokta aanze kutibu.

Wale samaki wadogo wa ziwa, sambaza, muwale wazima na mifupa yao, ndiyo kalsiamu hiyo, mama aliyepita 50 anahitaji kama mg 1200 kwa siku.

Mizigo mizito ya kubeba mgongoni kwa kamba ya kichwani sina jibu, anayebeba anajua asipobeba hawali. Lakini nyumba yenye vijana watatu wanachezea simu, koko anatumwa bidon ya maji kwa nini?