Gari dogo la manyuo: anayelikataa anaishi wapi?

Ukipitia orodha za magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, utakuta magari madogo karibu yote ni otomatiki. Gia za mkono, yaani manyuo, zimebaki kwenye malori, Hiace za abiria na pikapu za kazi. Mtu akisema anatafuta gari dogo la manyuo huulizwa kwa nini anajitafutia tabu. Kwa mkazi wa Dar, swali hilo lina haki. Kwa wengine wengi, sidhani.

Chukua mlima Kitonga, mkoani Iringa, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Anayetoka Iringa kwenda Morogoro akishapita Ilula huanza kushuka kona baada ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, malori mbele na nyuma. Madereva wa malori wana kanuni yao: gia uliyopandia ndiyo ushukie. Ukiwa kwenye gia ndogo na umeachia pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha enjini, nayo enjini inayashika yasikimbie. Breki zinabaki baridi, zikikusubiri kwenye kona. Anayezikanyaga mfululizo tangu juu anazichemsha. Pedi zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena, na mafuta ya breki yakichemka pedali inazama hadi chini huku gari likizidi kwenda.

Lazima tuwe wakweli: otomatiki nayo inaweza kushuka hivyo. Herufi L au S, au namba 2, zilizowekwa karibu na D, ile ya mwendo wa kawaida, zina kazi hiyohiyo. Shida ni kwamba wapo madereva wengi ambao tangu wanunue gari hawajawahi kuzigusa. Manyuo haikupi nafasi ya kusahau gia. Kila mwendo unapobadilika, mkono wako unauliza gia gani. Mazoea hayo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote, na yanamfuata dereva hata akihamia otomatiki.

Wapo wenye manyuo wanaoitupa faida hiyo kwa mkono wao wenyewe, wakifika kwenye mteremko wanaweka fri, yaani wanatoa gia zote, ili kuokoa mafuta. Hawaokoi kitu. Kwenye enjini za EFI, yaani zinazopulizwa mafuta kwa amri ya kompyuta, ukishuka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta hukata mafuta yasiingie. Ukiweka fri, enjini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Umepoteza breki ya enjini na mafuta umechoma.

Kisha kuna suala la fundi. Klachi ikiisha, fundi wa Mbinga au Kibondo anajua cha kufanya: anashusha gia boksi, anabadili klachi plati, presha plati na bearingi yake, anapandisha, safari inaendelea. Gia boksi ya otomatiki inataka ujuzi mwingine, na aina ya CVT, inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, inataka mafuta yake maalumu. Ukiiwekea ya otomatiki ya kawaida unaiua taratibu. Betri nayo ikifa porini, manyuo husukumwa na watu wawili watatu, ukaweka gia ya pili, ukaachia klachi, likawaka. Otomatiki itakusubirisha mpaka apatikane mtu mwenye waya za kushtulia.

Hoja kwamba manyuo hula mafuta kidogo ndiyo iliyopungua nguvu. Otomatiki za zamani zenye gia 4, kama Toyota IST iliyoanza kutoka 2002, zilipoteza nguvu njiani kabla haijafika kwenye magurudumu. Za sasa zenye gia 8, na hizo CVT, zimeifuta tofauti hiyo au kuigeuza kabisa.

Na foleni? Hapo sina ubishi. Jijini Dar, kutoka Posta hadi Mbagala jioni, mguu wa kushoto unakanyaga klachi hadi goti linauma, na klachi yenyewe inalika. Kwa mwenye ulemavu wa mguu huo, otomatiki ni uhuru wa kweli, na asiambiwe na yeyote kwamba huo si udereva.

Kwa hiyo anayeishi na kufanya kazi mjini anunue otomatiki bila kuona aibu. Anayepanda Lushoto au Njombe kila mwezi, na fundi wake yuko chini ya mwembe, atafute manyuo hata kama itachelewa kupatikana. Kujifunza ni jambo jingine: kijana ajifunzie manyuo, kwa sababu lori, Hiace na gari la mradi litakalompa ajira vitamtaka aijue klachi.

Na wewe mwenye otomatiki unayekwenda kushuka Kitonga, au mlima Sekenke wa mkoani Singida, wiki hii, punguza mwendo ukiwa bado juu, kisha toa D uweke 2 au L kabla mteremko haujaanza. Usingoje mpaka gari limeshakimbia.