Diski ya Kigoma, namba za Tabora: chown au kubadili namba wakati wa kupachika?

Wasimamizi wa seva wa huku magharibi wana hoja moja wanayoirudia kila suala la umiliki wa mafaili linapoibuka: kubadili namba za watumiaji wakati wa kupachika mfumo wa mafaili (mount, yaani kuifanya diski ionekane kama folda) ni mambo ya watu wa makontena, mifumo midogo iliyotengwa ndani ya seva moja; sisi wa diski za kawaida tunayo chown, amri ya kubadili mmiliki wa faili, na inatutosha. Wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanasema kerneli (kiini cha Linux) inayoonyesha mmiliki asiye yule aliyeandikwa kwenye diski ni kerneli inayodanganya. Hoja ya kwanza ina ukweli nusu. Ya pili imelishika jambo kichwa chini.

Tuchukue hali ya kawaida kabisa. Ofisi ina tawi Kigoma na tawi Tabora. Gigabaiti 600 za hati zilizoskaniwa hazitumwi kwa bando la simu, kwa hiyo diski inatiwa kwenye begi na kupanda basi au treni. Linux haiandiki jina la mtu kwenye diski, inaandika namba. Mhasibu wa Kigoma ndiye aliyefunguliwa akaunti ya kwanza kwenye mashine yake, basi ni 1000. Tabora, 1000 ni kijana wa mapokezi, na mhasibu wa huko ni 1001. Diski ikichomekwa Tabora, ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili na wenyewe, inamtaja kijana wa mapokezi kuwa mwenye mafaili ya mishahara, na kerneli inamfungulia bila kinyongo. Hakuna aliyedukua chochote. (Kama diski imefomatiwa kwa exFAT, mjadala huu haukuhusu: exFAT haihifadhi mmiliki, chaguo la uid= linamaliza kazi. Tunazungumzia mifumo ya mafaili inayohifadhi mmiliki: ext4, XFS, btrfs na ndugu zao.)

Dawa iliyozoeleka ni chown -R 1001. Hapo hapo kuna kosa la kwanza, maana amri hiyo inafuta tofauti zote: kilichokuwa cha root (msimamizi mkuu wa mashine), cha karani na cha mhasibu vyote vinakuwa vya mtu mmoja. Wenye uzoefu huandika chown -R --from=1000 1001, inayogusa mafaili ya 1000 peke yake. Nzuri, na ina sifa ambayo watetezi wake wana haki ya kujivunia: umeme ukikatika katikati, unairudia tu amri na inaendelea na yaliyobaki.

Sifa hiyo inakufa pale diski inapokuwa tayari na mafaili ya 1001. Tuseme 1001 wa Kigoma ni karani. Ukishahamisha 1000 kwenda 1001, mafaili ya mhasibu na ya karani yamechanganyika, na hakuna amri itakayoyatenganisha. Inabidi upitie namba ya tatu: 1001 kwanza iende, tuseme, 70001, kisha 1000 iende 1001, kisha 70001 iende 1000. Safari tatu juu ya kila faili. Umeme ukikatika na usijue ulikuwa safari ya ngapi, jarida la ext4 (daftari lake la mabadiliko) litakurudishia mfumo wa mafaili ulio mzima, lakini halijui ulikusudia nini. Kwa jarida, kila badiliko la mmiliki ni kazi iliyokamilika.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa chown karibu wote hulipita, nalo ndilo la gharama kubwa kuliko yote. Chown inabadili ctime, yaani muda wa badiliko la mwisho la taarifa za faili, ya kila faili inayoigusa. Maudhui hayakubadilika hata baiti moja, mtime (muda wa badiliko la maudhui) imebaki palepale, lakini ctime ni ya leo. Programu za bakapu zinaitazama ctime. Tar ya GNU ikitumiwa na --listed-incremental huhesabu faili ambalo ctime yake imesogea kuwa limebadilika, na inalibeba zima. Bakapu ya nyongeza iliyozoea megabaiti mia kadhaa kwa usiku inageuka ghafla kuwa gigabaiti 600. Kama inapanda kwenda seva ya mbali kwa data ya kununua, hesabu hiyo haihitaji maelezo. Borg, programu nyingine ya bakapu, ina nafuu, kwa sababu vipande vilivyokwishahifadhiwa haivitumi tena, lakini nayo kwa kawaida hulinganisha ctime, ukubwa na inodi (namba ya faili ndani ya diski), kwa hiyo itasoma kila kitu upya ili ijiridhishe. Diski ya USB inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde itamaliza gigabaiti 600 kwa sekunde 6,000, yaani saa 1 na dakika 40 za kusoma vitu visivyobadilika. Diski ikirudi Kigoma, chown nyingine, ctime nyingine, na shughuli inaanza upya.

Na bado chown haijamaliza kazi. Faili lenye ACL (orodha ya ruhusa za ziada) inayosema user:1000:rw linabaki na 1000 ile ile ndani ya ACL hata baada ya mmiliki kubadilishwa, kwa hiyo kijana wa mapokezi bado ana mlango wa pembeni. Kwenye programu, biti ya setuid, inayoiendesha programu kwa madaraka ya mmiliki wake, nayo hufutwa.

Njia ya pili, ya kubadili namba wakati wa kupachika, iliingia kwenye Linux 5.12, iliyotoka Aprili 2021, kazi iliyoongozwa na Christian Brauner. Ilianza na ext4, XFS na FAT. Btrfs ikafuata 5.15, tmpfs 6.3. Ramani ya namba inafungwa kwenye mpachiko wenyewe. Faili lililoandikwa 1000 kwenye diski likisomwa kupitia mpachiko huo linaonekana ni la 1001, na ruhusa zinapimwa kwa 1001. Mhasibu wa Tabora akiunda faili jipya hapo, kwenye diski inaandikwa 1000. ACL zinafuata ramani hiyo hiyo. Kubadilishana 1000 na 1001 ni mistari miwili, hakuna namba ya tatu, na umeme ukikatika hakuna kilichoachwa nusu kwa sababu hakuna kilichoguswa.

Ndiyo maana neno "kudanganya" linanishinda. Diski inabaki na kumbukumbu yake ya Kigoma kama ilivyoandikwa. Anayeifuta kumbukumbu hiyo ni chown. Na ramani hii haiwekwi na yeyote apendaye: kerneli inadai madaraka ya CAP_SYS_ADMIN pale mfumo wa mafaili ulipopachikwa, kwa lugha ya mtaani, root wa mashine. Kijana wa mapokezi hawezi kujipachikia diski akajifanya mhasibu.

Kwa vitendo, amri ni hii:

mount --bind -o X-mount.idmap="b:0:0:1 b:1000:1001:1 b:1001:1000:1" /diski/kigoma /srv/kigoma

Herufi b ni kwa mtumiaji na kundi kwa pamoja. Namba ya kwanza ni ya kwenye diski, ya pili ni itakayoonekana, ya tatu ni urefu wa mfululizo. Ndani ya /etc/fstab, faili la mipachiko ya kudumu, nafasi kati ya ramani inaandikwa \040. Watu huupindua mwelekeo kila siku, kwa hiyo hakikisha kwa ls -ln kabla ya kumkabidhi mtu.

Chaguo hilo la X-mount.idmap lilikuja na util-linux 2.39, mkusanyiko wa amri unaobeba mount. Hapa pana shimo. Debian 12 ina kerneli 6.1 inayoiweza kazi, lakini amri yake ya mount ni ya util-linux 2.38.1, na matoleo ya zamani huchukulia chaguo lolote lenye X- mbele kuwa maelezo tu. Amri inapita, hakuna kosa linaloonyeshwa, na ramani haipo. Mafaili ya mishahara yako wazi kama mwanzo. Tazama findmnt, amri inayoorodhesha mipachiko: kama neno idmapped halionekani kwenye chaguo za mpachiko, hujafanya kitu.

Sasa upande wa pili, ambao una hoja nzito kuliko ile ya udanganyifu. Namba isiyo kwenye ramani inaonekana 65534, yaani nobody, na mwenye namba hiyo akijaribu kuunda faili anapata "Value too large for defined data type", ujumbe usiomsaidia mtu. Ukisahau b:0:0:1 hata root anakataliwa, na wengi hapo huanza kulaumu diski. Findmnt inakuambia ramani ipo bila kukuonyesha namba zake. Kerneli ilianza kuzitoa kwenye toleo la 6.15, kupitia mwito wa programu uitwao statmount. Anayeikuta seva iliyowekwa na mtu aliyekwisha kuhama kazi ataona faili moja lina wamiliki wawili kwenye njia mbili, na ni haki yake kukasirika. Bakapu nazo zisomwe kutoka njia moja tu, ile ya asili, la sivyo wamiliki watachanganyika kwenye nakala.

NFS haiingii humu kabisa. Ofisi yenye hifadhi ya mtandao ya NFS itapata kosa, na hapo kulinganisha namba kwenye mashine zote ndiyo njia. Hata bila NFS, kama mashine za matawi yote mawili ndiyo kwanza zinawekwa, kufungua akaunti kwa useradd -u yenye namba zilizopangwa mapema kunashinda chown na ramani kwa pamoja. Tatizo ni kwamba mashine nyingi zimeshakuwa na miaka yake.

Hoja nzito zaidi ya wapenzi wa chown ni ya setuid, na inawauma zaidi wenye makontena. Mfumo wa mafaili wa kontena ukipachikwa kwa ramani, kile ambacho root wa kontena anaandika kinakaa kwenye diski kama cha 0 halisi. Akiweka programu yenye setuid, mtumiaji wa kawaida wa seva anayeweza kuifikia kwa njia ya asili ataiendesha kama root wa seva nzima. Zamani chown ilizuia hilo, kwa kuwa mafaili yale yangekuwa ya 100000 na kuendelea, namba zisizo na madaraka kwenye seva. Kinga yake ni kuifunga folda ya asili kwa ruhusa 0700 (mmiliki peke yake) chini ya root, na kupachika diski yenyewe kwa nosuid,nodev, yaani setuid na mafaili ya vifaa yasifanye kazi. Hata diski ya mhasibu iliyotoka kwenye basi ipachikwe hivyo, maana hujui nani mwingine aliichomeka njiani.