Waacheni sungura wa Malkia Anne

Wiki iliyopita tuliangalia The Favourite, filamu ya Malkia Anne wa Uingereza, mimi kwa mara ya nne, shemeji yangu kwa mara ya kwanza. Ikafika ile sehemu ya sungura. Mnaikumbuka. Abigail, mtumishi wake, yumo chumbani kwa malkia, anawaona sungura, na Anne anaanza kumweleza ni wa nini. Kila sungura ni mtoto mmoja aliyempoteza. Wako 17.

"Hao sungura hawakuwepo," shemeji akasema, simu mkononi. "Nimesoma hapa. Enzi zile sungura alikuwa kitoweo, hafugwi chumbani."

"Shemeji, ngoja basi iishe."

Hakungoja. Alitusomea makosa hadi mwisho: nguo, ngoma, lugha. Nilikwenda kulala nimekasirika, na mpaka leo hasira haijaisha.

Ni kweli, sungura hawakuwepo. Watoto walikuwepo.

Mara ya kwanza nilikutana na Anne kwenye kitabu cha historia, na humo alipewa mstari mmoja: alitawala Uingereza kuanzia 1702 hadi 1714, alishika mimba 17, hakuacha mrithi. Niliusoma mstari ule nikaendelea na ukurasa uliofuata. Haukunigusa popote. Miaka baadaye nikawaona wale sungura. Wana manyoya, wana uzito wa kupakatwa, wanarukaruka sakafuni miguuni pa mwanamke mwenye jongo ambaye hata kutembea kunamshinda. Ndipo nikajua 17 ni wangapi. Nilijaribu kuwahesabu wakanichanganya kwa kuruka kwao, na nikajikuta nalia.

Usiku ule sikulala, nilisoma. Nikakuta kwamba Februari 1687 ndui iliingia nyumbani kwao ikachukua mabinti wawili ndani ya wiki moja. Mary hakuwa amefika miaka miwili, na Anne Sophia alikuwa na karibu miezi tisa. Mimba nyingine zote zikaharibika, au mtoto akazaliwa hana pumzi, au akaishi saa chache tu. Akabaki William, mvulana aliyezaliwa 1689, mgonjwa mgonjwa, tumaini la nchi nzima. Julai 1700 akatimiza miaka 11, na siku chache baadaye akafariki. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya urithi wa kiti cha enzi, na ndiyo iliyoleta taji kwa George wa Hanover mwaka 1714. Ukoo mzima wa watawala ulibadilika kwa sababu ya chumba cha mtoto kilichobaki kitupu. Na siku Anne mwenyewe anatawazwa, Aprili 1702, alibebwa kwenye kiti kwa sababu miguu ilikataa. Alikuwa na miaka 37.

Yote haya nimeyajua kwa sababu ya sungura wa uongo. Kitabu kilikuwa na ukweli wote na hakikunisogeza hata hatua moja. Kwa hiyo mtu akiniambia tamthilia za kifalme zinaua historia, namwomba anionyeshe kwanza alichokwenda kukisoma yeye baada ya kuzisahihisha. Mimi nimekwenda. Wengi ninaowafahamu wamekwenda. Mtu anatoka kwenye filamu na jina moja kichwani, asubuhi ana majina kumi.

Na kuna uongo ambao unatoka moja kwa moja kwenye ukweli. Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza na Malkia Mary wa Scotland hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini filamu baada ya filamu huwakutanisha, na kila mara kuna mtu wa kulalamika. Sawa. Ila miaka ya 1560 wanawake hawa wawili waliandikiana barua kwa miaka, na mwaka 1562 mkutano wao ulikuwa umeshapangwa kabisa, ukavunjwa na vita vya dini vya Ufaransa. Mary alikwenda kukatwa kichwa mwaka 1587 hajawahi kuuona uso wa aliyetia saini hati ya kifo chake. Mtunzi anayewapa dakika tano chumba kimoja anawapa kitu walichokitaka wakakikosa. Nikiiangalia sehemu hiyo huku najua haikutokea, inaniuma zaidi, siyo kidogo.

Nywele za wanawake zilizoachwa wazi, Mfalme Henry wa Nane anayebaki mwembamba hadi uzeeni kwenye filamu: hayo nayapisha.

Lakini siwezi kupisha yote, na hapa shemeji ana haki, nakiri kwa shingo upande. Filamu ileile ya sungura imemfuta mume. George wa Denmark alikuwa hai hadi Oktoba 1708, walikuwa wameoana miaka 25, na kwa masimulizi yote walipendana. Wakati ule wa ndui naye alikuwa kitandani anaumwa, Anne akamuuguza huku anazika watoto. Kila jeneza lile dogo lilikuwa la wawili. Filamu inatuonyesha huzuni ya mama halafu inamwondoa mtu pekee aliyeibeba pamoja naye. Hilo linanikera kuliko kosa lolote la kitambaa.

Na kuna zito zaidi. Filamu ya The Woman King niliipenda, nimeiangalia mara mbili, wale Agojie, askari wanawake wa ufalme wa Dahomey (Benin ya leo), wakiingia vitani mwili unanisisimka. Lakini inamwonyesha Mfalme Ghezo akielekea kuipa kisogo biashara ya watumwa kwa kushawishiwa na jemadari wake. Ghezo wa kweli wa Dahomey aliuza watu, utajiri wa ufalme wake ulisimama juu ya watu hao, na mkataba wa kuacha aliutia saini mwaka 1852 baada ya meli za kivita za Uingereza kuifunga pwani yake. Hapo kuna waliofungwa minyororo ambao filamu imewapunguza ili mfalme apendeze. Siwezi kuliita hilo pambo. Sungura waliongezwa ili wafu waonekane. Huku wafu wamesogezwa pembeni. Kwangu mpaka uko hapo, na hauna uhusiano na tarehe wala kola za mavazi.

Jana usiku nimeirudia The Favourite peke yangu, simu nikaiacha chumba kingine. Mwishoni malkia amesimama, mkono wake umekandamiza kichwa cha Abigail aliyepiga magoti, nyuso zao zinaanza kuyeyuka moja ndani ya nyingine, na sungura wanapanda juu ya picha, wanazidi, wanazidi, hadi skrini yote ni sungura. Safari hii sikuhesabu. Nilitaja majina niliyoyajua: Mary, Anne Sophia, William.