Matone ya aleji chini ya ulimi: uliza dozi kwanza

Ukiletewa chupa ya matone ya aleji, yale yanayoufundisha mwili kuvumilia kinachouletea aleji, usianze kwa kuuliza ina vizio vingapi, yaani vitu vinavyoleta aleji. Uliza dozi ya siku moja ina mikrogramu ngapi za kizio kikuu, yaani protini inayoleta sehemu kubwa ya aleji hiyo. Daktari anayeijua tiba hii atakujibu. Anayebabaika, mwachie chupa yake.

Nasema hivyo kwa sababu chupa zinazonadiwa sana ni zile za mchanganyiko: chavua ya nyasi, chavua ya miti, utitiri wa vumbi, paka, mbwa, kuvu na mende, vyote humo humo. Mgonjwa huona amepata tiba ya kila kitu. Hesabu inasema vingine: ujazo wa chupa ni ule ule, na kila kizio unachoongeza kinapunguza nafasi ya vilivyotangulia. Isitoshe, dondoo (majimaji yenye protini za kizio) za kuvu na za mende zina vimeng'enya vinavyoweza kuharibu protini za chavua chupani. Mwishowe mtu anaramba gliserini, kimiminika kinachobeba dondoo, kila asubuhi, na gliserini ni tamu, kwa hiyo halalamiki. Kuchanganya nyasi za jamii moja ni jambo jingine, kwa kuwa protini zake zinafanana.

Tiba ya chini ya ulimi inadai dozi kubwa. Ile ya sindano, ambayo Leonard Noon aliitangaza kutoka London mwaka 1911, hutumia kiasi kidogo sana cha dondoo; ya chini ya ulimi huhitaji mara nyingi zaidi ya hicho kwa mwezi. Kwa chavua ya nyasi, majaribio yaliyoleta matokeo mazuri yalitumia takriban mikrogramu 15 hadi 25 za kizio kikuu kila siku. Vidonge vya chini ya ulimi vilivyoidhinishwa Marekani kuanzia 2014 vilishika njia hiyo: cha nyasi ni cha nyasi, na cha utitiri, kilichofuata 2017, ni cha utitiri tu. Matone yenyewe hayana kibali hicho huko. Madaktari wanaoyatoa hutumia dondoo zilizotengenezwa kwa ajili ya sindano. Katika baadhi ya nchi za Ulaya yamesajiliwa, na nguvu yake imeandikwa kwenye chupa. Mimi ningechagua kidonge au tone lenye nguvu inayojulikana, hata kama linagusa kizio kimoja tu kati ya vitano vinavyonisumbua.

Kizio hicho kimoja hakipatikani kwa kubahatisha. Kipimo cha ngozi au cha damu kinaonyesha IgE, kingamwili ya aleji, yaani mwili umeshakitambua kizio. Hakithibitishi kwamba ndicho kinachokuumiza. Ukionekana una IgE ya paka na huna shida yoyote ukikaa naye, huna sababu ya kutibiwa paka. Kabla ya kipimo cha ngozi, antihistamini (dawa za kutuliza aleji) huachwa kwa siku kadhaa, kwa kawaida hadi wiki, la sivyo ngozi haitavimba hata pale inapopaswa.

Matumizi yenyewe ni mepesi, na ndiyo maana watu huyafanya ovyo. Dozi ya kwanza itumie ukiwa kliniki, ukae dakika 30 chini ya uangalizi. Baada ya hapo ni nyumbani, kila siku, saa ile ile. Pampu mpya ibonyeze mara zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, maana mibonyezo ya kwanza hutoa hewa. Dondosha chini ya ulimi, shikilia dakika moja hadi mbili, kisha meza. Usile wala kunywa kwa dakika 5. Ukimeza papo hapo umeipeleka dawa tumboni ikasagwe kama chakula. Kazi inafanyika kwenye utando wa chini ya ulimi: seli zake hubeba kizio hadi kwenye tezi za shingo, na huko mwili hujifunza polepole kukivumilia na kutengeneza IgG4, kingamwili ya kukizuia.

Kuwashwa mdomo, masikio na koo ni kawaida. Huanza ndani ya dakika chache, huisha ndani ya saa moja hivi, na kwa wengi hufifia baada ya wiki chache. Wengi huacha hapa, wakidhani dawa imewakataa, ilhali antihistamini kabla ya dozi ingewavusha. Kupumua kwa shida, sauti kukwama, vipele mwili mzima au kizunguzungu ni hatari: adrenalini kwenye misuli ya paja, upande wa nje, kisha hospitali. Chakula kikianza kunasa kifuani siku baada ya siku, acha dawa na uchunguzwe umio, njia ya chakula.

Mwenye pumu isiyodhibitiwa asianze. Anayetumia dawa za presha au moyo za kundi la beta bloka aseme mapema, kwani adrenalini inaweza isimsaidie ipasavyo. Tiba hii haianzishwi wakati wa ujauzito. Ukiwa na vidonda mdomoni au umeng'olewa jino, simamisha hadi upone. Ukikosa dozi moja, usimeze mbili kesho yake. Ukikosa zaidi ya wiki, ongea na daktari kabla ya kurudi.

Kwa chavua, anza wiki 8 hadi 16 kabla ya msimu. Halafu jiandae kwa miaka mitatu. Jaribio moja la Uingereza lililochapishwa 2017 liliwapa watu vidonge vya nyasi kwa miaka miwili. Mwaka mmoja baada ya kuacha, pua zao hazikuwa na tofauti na za waliopewa kidonge bandia. Majaribio ya miaka mitatu yalionyesha nafuu iliyodumu hata baada ya dawa kukoma. Anayekuuzia chupa ya miezi sita bila kukwambia hivyo anakuuzia mwanzo tu.

Baada ya mwaka wa kwanza, linganisha msimu na msimu: ulimeza antihistamini ngapi, ulipuliza dawa ya pua siku ngapi. Andika toka mwanzo, kwa sababu kumbukumbu ya mafua ya mwaka jana haina uaminifu. Kama idadi haijashuka hata kidogo na hukuruka dozi, rudi kwenye kipimo: huenda ulitibiwa kizio kisicho chako, au dozi haikutosha.